Asilimia Sitini

Jumatatu, 9 Machi

Mvua tangu Ijumaa. Naitrojeni: sentimita 38.

Sijaandika shajara tangu mapacha wangu walipoanza shule, na sasa wana ndevu. Daftari hili nimelinunua leo mchana kwa sababu nina jambo siwezi kulisema na siwezi kulimeza.

Ijumaa mama yangu alianguka bafuni. Nikatoka kazini mbio, nikajiambia nitarudi Jumamosi asubuhi kuzigawa seli, maana zilikuwa zimefika nusu ya sahani. Jumamosi barabara ikawa mto. Jumapili vilevile. Leo nimeingia maabara saa moja, koti linachuruzika, nikaenda moja kwa moja kwenye hadubini. Sahani zimejaa. Zimebanana mpaka ukingoni, na katikati nimeona nyuzi. Nyuzi! Seli nilizoziacha changa Ijumaa zimeshaungana zikawa msuli.

Asiyeijua kazi hii atasema, si ndiyo mnachotaka? Hapana. Seli hizi za panya tunazilea zibaki watoto mpaka siku ya jaribio. Zikigusana kupita kiasi zinaacha kugawanyika, zinaungana, zinakuwa nyuzi, na uzi haurudi tena utotoni. Ukivuna sahani iliyojaa namna hiyo, zile hodari zimeshakuwa nyuzi, umeziacha nyuma. Unazobeba ni zile zisizotaka kuwa kitu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zinakula, zinagawanyika, zinanawiri. Utazijua siku utakapoziambia sasa kuweni msuli, zikakutazama tu.

Kanuni ni kuvuna sahani ikifika asilimia sitini. Kanuni hiyo nimewafundisha watu miaka kumi na tisa. Na leo kwenye kitabu cha maabara, kwa mkono wangu, nimeandika: asilimia 60.

Hapa naandika ukweli. Zilikuwa mia.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Naitrojeni sm 37.

Nimezigandisha. Vichupa kumi na viwili, sanduku la juu la mtungi wa naitrojeni, ambayo baridi yake ndiyo inayozihifadhi.

Ningezimwaga, nani angenikataza? Lakini seli nzuri za akiba zimebaki vichupa viwili tu, vya miaka ya nyuma, viko sanduku la chini kabisa. Kuvifungua lazima Profesa asaini, na lazima uandike sababu. Sababu ingekuwa mimi. Namkumbuka fundi aliyekuwa na kiti hiki kabla yangu. Alitunga namba moja. Moja! Mlinzi alimsindikiza hadi getini amebeba boksi la vitu vyake, na kikombe chake kikaanguka pale ngazini. Mimi ndiye niliyefagia vile vipande, kesho yake nikakalia kiti.

Ijumaa, 13 Machi

Mama anatembea na fimbo, anagombana na kila mtu. Amepona. Naitrojeni sm 35.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Naitrojeni sm 33.

Leo Msomi ameanza kazi ya mikono. Mimi ndiye niliyempa jina hilo, nyuma ya mgongo wake. Ni mwanafunzi wa uzamili wa Profesa, ana kalamu mbili kwenye nywele na jibu la kila swali. Anataka kuonyesha jinsi RNA ndogo fulani inavyozisukuma seli changa ziwe msuli. Akisalimia, "Shikamoo Mama Seli," anakuwa keshapita kabla sijasema marahaba. Mama Seli ndilo jina langu hapa, hakuna anayekumbuka lingine.

Nimempa somo la kwanza kama ninavyowapa wote. Nikamwambia: "Kitabu hiki unaandika unachokiona. Huandiki unachokitaka. Umenielewa?" Ulimi ulikuwa mzito kama umeumwa na nyuki. Akaiandika sentensi ile neno kwa neno kwenye ukurasa wake wa kwanza, akaipigia mstari.

Halafu akanyoosha mkono, nikampa kichupa cha kwanza kati ya vile kumi na viwili.

Labda nimekosea. Labda zitafanya kazi. Seli nazo ni kama watu, hazitabiriki.

Jumatano, 18 Machi

Baba Pacha, mume wangu, ameniuliza leo akiwa kwenye cherehani yake: hivi huyo binti anafanya nini hasa? Nikamweleza. DNA ni kitabu ambacho hakitoki nje ya chumba chake. Seli inanakili ujumbe kutoka humo, inautuma nje, ujumbe unafanyiwa kazi. Sasa kuna RNA ndogo, kipande cha herufi ishirini na mbili hivi. Hakijengi chochote. Kazi yake ni kuudaka ujumbe njiani na kuuzima. Kwenye seli changa kuna ujumbe unaosema, gawanyika, gawanyika. RNA ndogo ya Msomi inauzima huo, basi seli inatulia, inaungana na wenzake, inakuwa msuli. Ziko na nyingine zinazofanya kinyume chake, zinaizuia isikue mapema.

Akafikiri, sindano mdomoni. "Kwa hiyo ni kama shangazi yangu. Hajawahi kumjengea mtu nyumba, lakini akitia neno moja kikaoni, mipango yote imekufa."

Nimecheka mpaka nikakohoa. Ndiyo mara ya kwanza tangu siku ile.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua, na upepo. Naitrojeni sm 27.

Matokeo ya kwanza. Msomi aliweka RNA ndogo kwenye sahani sita, na kwenye sita nyingine akaweka ya bandia, herufi zilezile zimevurugwa zisiwe na maana. Akapunguza seramu, ambayo ndiyo chakula chao, maana seli changa zikinyimwa ndipo zinapoamua kukua. Akangoja siku tano.

Hakuna uzi hata mmoja. Zote kumi na mbili sawasawa, zimelala kama mchanga. Hata zile za bandia zilitakiwa kutoa nyuzi chache. Nilijua kabla hajawasha taa ya hadubini.

Profesa alisema, "Mara ya kwanza hiyo. Rudia."

Ijumaa, 27 Machi

Lori la naitrojeni halikuja. Daraja limechukuliwa na maji. Sm 26. Profesa amepiga simu mara nne, wanasema wiki ijayo.

Friza kubwa ilikufa mwaka jana na spea haijafika hadi leo. Kwa hiyo kila kilicho hai na kimelala katika jengo hili kiko ndani ya mtungi ule mmoja.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Sm 21. Lori halikuja.

Msomi amerudia. Hakuna kitu.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Sm 17.

Mara ya tatu, na kichupa kingine, kwa hiyo hawezi kulaumu kichupa. Hakuna.

Kwenye kikao cha wiki Profesa alizungusha kalamu mezani muda mrefu. Si mtu mkali, na hilo ndilo baya zaidi. Akasema: "RNA hii wengine wameiona inafanya kazi. Seli ni za Mama Seli, kitabu kinaonyesha zilivunwa vizuri. Kinachobaki ni mikono." Kisha akamwambia kamati inakaa tarehe 11 Mei. Asipokuwa na nyuzi siku hiyo, nafasi yake anapewa mwingine, yeye anarudi kwao.

Seli ni za Mama Seli. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Nilisikia anavyopumua.

Baada ya kikao nilishuka kwa ngazi za nyuma, nikamkuta amekaa pale anakula mkate mkavu, simu sikioni. "Inaendelea vizuri, mama," alikuwa anasema. "Ndiyo. Wananisifu. Wewe meza dawa zako." Nikarudi juu kwa kunyata. Na mimi nilikuwa namuona mwenye majivuno! Kumbe ni mtoto wa mtu anayejikaza.

Ijumaa, 10 Aprili

Lori halikuja. Sm 15. Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka nikishika pipeti. Nimesema ni baridi.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua haijakatika siku nane. Naitrojeni sm 12.

Lazima niandike yote ya leo.

Kila asubuhi napima hivi: nachukua kijiti cha mbao, nakizamisha mpaka chini ya mtungi, nahesabu kumi, nakitoa, nakipunga hewani. Umande mweupe unaganda pale naitrojeni ilipofika. Napima kwa rula, naandika ukutani. Leo nimegeuka na kijiti mkononi, Msomi amesimama mlangoni. Nilishtuka karibu nikiangushe.

"Mama Seli, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Usinikasirikie."

"Hebu uliza, mtoto, baridi hii."

Hana kalamu kwenye nywele siku hizi. Akasema: "Seli zenyewe ziko sawa? Nauliza tu. Nimebadilisha seramu, nimebadilisha RNA, nimebadilisha mpaka maji. Kitu pekee ambacho sijabadilisha ni seli."

Mungu wangu. Nilikuwa na muda. Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mtu mwenyewe ameuliza kwa adabu zote. Na nikamuona Mlinzi kupitia dirisha, chini kule getini, anafunga mwavuli. Nikaona kikombe kinaanguka ngazini.

"Ziko sawa," nikasema. "Kitabu umekisoma."

"Nimekisoma. Asilimia sitini."

"Basi."

Akanishukuru. Akanishukuru! Akasema, "Samahani, mama, nilikuwa natafuta wa kumlaumu." Akaenda.

Kwa uongo ule wa Machi nilikuwa nimekikosea kitabu. Kwa huu wa leo nimemkosea mtu, tena usoni mwake. Nimekuja nyumbani nikakaa kwenye kochi na viatu vyangu vya mvua. Baba Pacha akauliza una nini, nikamwambia kichwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Lori limefika upande wa pili wa mto likageuza. Sm 11.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Sm 9.

Nitaandika jambo la aibu. Leo nimepima, nikaona umande umeshuka, na moyo wangu ukafurahi. Ulifurahi kabla sijauzuia.

Maana nimeshapiga hesabu. Vichupa viwili vya zamani viko chini kabisa, ndivyo vya mwisho kupata joto. Lakini naitrojeni ikiisha vitakufa navyo, na vikifa hakuna tena kitu duniani cha kulinganisha na vile kumi na viwili vyangu. Hakuna atakayejua. Watasema mvua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi peke yangu. Sihitaji kufanya kitu. Natakiwa kunyamaza wiki moja tu, na kupima kila asubuhi kwa uaminifu.

Nimeogopa mambo mengi mwezi huu. Leo nimejiogopa mimi.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Sm 8. Nimempita Msomi saa saba mchana anafanya mazoezi ya pipeti kwa maji ya bomba, tone, tone, tone, kwenye sahani tupu. Kidole gumba kimepasuka, amekifunga plasta. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Sikumwambia.

Ijumaa, 24 Aprili

Lori halikuja. Sm 6. Sanduku la juu limeshaanza kupata joto, kwa hiyo zile zangu zinakufa. Ndiyo hivyo.

Mlinzi amenisimamisha getini. "Mama Seli, mbona siku hizi unapita kama umeiba?" Anatania watu wote hivyo. Nikajifanya natafuta kitambulisho, na nilikuwa nimekivaa shingoni.

Jumapili, 26 Aprili

Nimemwambia Baba Pacha.

Sikupanga. Alikuwa anakata kitambaa cha suti ya mteja, nami nimeshika upande mmoja, mkono ukateleza, chaki ikachora upinde. Akaweka mkasi chini. "Mke wangu, umekonda mpaka pete inazunguka. Ni ugonjwa au ni jambo?" Nikamwaga yote, tangu bafu la mama mpaka kijiti cha asubuhi.

Nilidhani atasema utafukuzwa. Hakusema. Alikunja kitambaa polepole, akaniambia: "Mimi nikikata kitambaa cha mtu vibaya, namwita mwenyewe kabla sijashona. Anafoka, ananitukana, yanaisha. Nikishona juu ya kosa nikamvalisha, akaenda nayo harusini ikapasukia huko, hapo nimemuibia mara mbili."

"Wewe una duka lako. Mimi nitafukuzwa."

"Utafukuzwa," akasema. "Huenda. Na mimi naogopa, usidhani siogopi." Kisha akafuta ule upinde wa chaki, akachukua tena mkasi.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua. Sm 4.

Asubuhi nimevaa nguo nzuri, nimejiandaa kusema. Profesa alikuwa na wageni. Mchana nikasogea tena mpaka mlangoni, nikasikia anacheka na mtu, nikarudi. Mwoga sana mimi.

Saa tisa Msomi akaniletea karatasi. "Mama Seli, wewe Kiswahili chako kizuri kuliko changu. Nisomee kama iko sawa, naipeleka kesho saa nne." Barua ya kujiondoa. Ameona bora aondoke mwenyewe kabla ya kamati. Ni fupi. Mstari wa tatu: *Kushindwa kwa kazi hii kumetokana na udhaifu wa mikono yangu, si na vifaa wala na watu wa maabara, ambao walinisaidia kwa kila hali.*

Niliisoma mara mbili. Nikamwambia kuna koma imekosekana.

Jumanne, 28 Aprili

Naitrojeni sm 3.

Niliingia nyuma yake saa nne kamili. Msomi alikuwa ameshika barua kwa mikono miwili, Profesa anavaa miwani aisome. Nikasema, "Profesa, usiisome hiyo." Sauti ilitoka nyembamba kama ya kuku.

Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyafanyia mazoezi njiani chini ya mwavuli. Yote yalikimbia. Nikafungua kitabu cha maabara ukurasa wa tarehe 9 Machi, nikaweka kidole pale. "Hapa nimeandika sitini. Zilikuwa mia. Zilikuwa na nyuzi. Nilijua, nikazigandisha, nikampa huyu mtoto. Tarehe 15 Aprili aliniuliza kama ziko sawa, nikamwambia ziko sawa."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

"Za akiba?"

"Ziko. Vichupa viwili. Sanduku la chini."

"Naitrojeni imebaki ngapi?"

"Sentimita tatu."

Akanitazama. Huyu ni mtu ambaye nimemtengenezea chai miaka kumi na tisa. "Na ulikuwa unapima kila siku," akasema.

"Kila siku."

Alielewa. Niliona anavyoelewa, na sidhani kama nitausahau uso ule. Hakunifokea. Laiti angefoka.

Aliyefoka ni Msomi, ila kwa sauti ya chini. "Siku arobaini na tatu, Mama Seli. Tangu ulipoweka kile kichupa mkononi mwangu. Siku arobaini na tatu nimejiona mjinga. Nimemdanganya mama yangu kwenye simu kila siku ya Mungu. Nimepasua vidole kwa maji ya bomba, wewe ukipita!"

"Nilipita," nikasema. "Nilikuona."

"Usiniambie pole."

Sikumwambia pole. Aliichana barua yake vipande vinne, akavitia mfukoni mwa koti, akageukia dirishani.

Profesa akasema: "Utaviyeyusha wewe, kesho asubuhi, maana hapa hakuna mwingine aliyewahi kushika seli za umri huo. Baada ya hapo hutaingia chumba cha seli mpaka kamati ikae. Siwezi kukuahidi kitu." Nikasema ndiyo. Akaongeza, bila kuniangalia, "Kwa nini hukuja siku ileile? Ningekasirika siku moja."

Nilimwogopa mtu ambaye angekasirika siku moja.

Jumatano, 29 Aprili

Sm 2. Kijiti kimetoka na umande wa upana wa kidole.

Kichupa cha kwanza. Nilikishika kwenye maji ya joto, natikisa taratibu mpaka ibaki punje ya barafu, ndivyo inavyotakiwa. Nikatia tone la rangi ya bluu na kuangalia. Seli iliyokufa hunywa rangi, iliyo hai huikataa. Zote bluu. Kifuniko kilikuwa na ufa, joto liliingia, nani ajuaye lini. Huenda tarehe 20. Huenda siku ile nilipofurahi.

Kilibaki kimoja. Mkono wangu ukaanza. Si kutetemeka kwa kawaida, maji ya beseni yalikuwa yanacheza. Msomi alikuwa amesimama nyuma yangu tangu mwanzo. Akaja, akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto barabarani. Bado alikuwa na hasira, vidole vilisema hivyo. Tukakitikisa pamoja.

Rangi. Hadubini. Nikaangalia, nikampisha aangalie yeye.

"Bluu," akasema. "Bluu. Bluu. Bluu." Kisha: "Hii siyo."

Tukahesabu. Katika kila kumi, moja hai. Akazimiminia chakula, akazifunika, akaziweka kwenye inkubeta. Mimi nikavua koti jeupe, nikalitundika mahali pake, nikatoka.

Kazi yangu sasa ni kuosha vioo, chumba cha pili.

Ijumaa, 1 Mei

Lori limefika! Daraja la muda. Mtungi umejaa, sm 55. Sikupima mimi.

Jumapili, 3 Mei

Jua kidogo. Nilikwenda kazini ingawa ni Jumapili, nikamkuta Mlinzi. Ameshasikia, jengo zima limesikia. Niliogopa utani wake. Akanifungulia geti tu, akasema, "Karibu, mama." Hajawahi kuniambia hivyo miaka yote.

Msomi alikuwa ndani tangu asubuhi. Nilimuona kupitia kioo cha mlango. Zimefika sitini, nimejua kwa jinsi alivyokaa. Ameziwekea RNA leo, sita za kweli, sita za bandia. Hakunitazama.

Jumanne, 5 Mei

Nimeosha chupa mia na arobaini. Hajasema nami.

Ijumaa, 8 Mei

Hajasema nami. Ila leo ameacha pazia la kioo wazi. Sijui kama amesahau.

Nimemwomba Mungu mambo mawili. La pili ni la kazi yangu. La kwanza nimeona aibu kuliandika, maana sina haki ya kuliomba.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua imekatika. Kamati ya Msomi saa nane. Yangu Ijumaa.

Saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye sinki, mikono kwenye povu, nikasikia kioo kinagongwa. Si kwa fujo, kwa kucha tu. Nikatoka kwenye korido. Alikuwa upande wa ndani, koti jeupe, kalamu mbili kwenye nywele. Hakufungua mlango, naye anajua siruhusiwi. Akaisogeza skrini ya hadubini kuelekea kwangu, akaweka sahani.

Za bandia kwanza. Nyuzi chache, fupifupi, kama inavyotakiwa. Kisha akabadilisha.

Nyuzi. Ndefu, nene, zimelala sambamba ukingo hadi ukingo, viini vimepangana ndani yake kama maharage kwenye ganda. Na mmoja, karibu na pembe ya skrini, ulitikisika. Nikadhani ni macho yangu. Ukatikisika tena. Kipande cha herufi ishirini na mbili kilikuwa kimefanya hivyo, na seli ambazo nilikuwa nimeziombea zife.

Nililia pale koridoni, glavu zinachuruzika sabuni, sikujali nani anapita.

Akachukua kitabu cha maabara, akakibandika kwenye kioo ili nisome. Ukurasa wa leo, kwa mwandiko wake: *Viini vilivyo ndani ya nyuzi: RNA ndogo, asilimia 58. Bandia, asilimia 19.* Akanionyesha kwa kidole ile 58. Nikaelewa anachosema. Ingekuwa sitini ingependeza zaidi mbele ya kamati, na amehesabu mara tatu, na ni hamsini na nane.

Kisha akashusha kidole mpaka mstari wa chini, ule wa *Seli zimeyeyushwa na*. Ameandika majina mawili. La kwanza ni langu, lile halisi ambalo hapa hakuna anayelikumbuka. Sijui amelitoa wapi.

Hakutabasamu. Aliondoa kitabu kwenye kioo, akarudi kwenye kiti chake, maana alikuwa na mengi ya kuandaa kabla ya saa nane.

Ijumaa inakuja na ninaogopa. Nimerudi kwenye sinki, nikamalizia chupa zilizobaki, nikazihesabu: tisini na saba. Nimeandika ukutani tisini na saba.